Aliyetufundisha Kufundisha Tusiowaona

Tulimwita Mkufunzi, wote, kuanzia mfagizi wa ngazi hadi Mkuu wa Chuo. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi wahadhiri namna ya kufundisha kwa njia ya mtandao. Alipoletwa kwetu, hakuna hata mmoja aliyedhani anahitaji kufundishwa kufundisha.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa kinafunguliwa. Redio za watu binafsi, benki za watu binafsi, simu za mkononi zikiuzwa juu ya meza kandokando ya Mtaa wa Msimbazi pamoja na vitana na betri. Vyuo vikuu vya watu binafsi navyo vilikuwa vimeruhusiwa, na kimojawapo kilikuwa chetu. Usifikirie miti na majani yaliyokatwa vizuri. Chuo chetu kilikuwa ghorofa ya pili na ya tatu ya jengo la zamani Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa, na ukifundisha chumba cha mbele ulikuwa unashindana na muuza kanda za muziki aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Wanafunzi walipozidi viti, wakubwa wetu wakapata wazo: wale wa mikoani wabaki hukohuko kwao, masomo yawafuate kwenye intaneti. Mimi nilikuwa mhadhiri msaidizi wa uchumi, ndiyo kwanza nimeajiriwa, nikaambiwa kozi yangu itakuwa miongoni mwa nne za majaribio.

Siku ya kwanza ya mafunzo tulikuta kompyuta kumi zimefunikwa khanga. Mama wa makamo, mfupi, miwani imefungwa kwa kamba ya mpira, alitusalimia mmoja mmoja kwa mkono, akatugawia karatasi moja moja.

"Fanyeni kazi hiyo," alisema. "Mimi nakunywa chai. Nitarudi baada ya dakika arobaini."

Karatasi ilisema: Rejea mada iliyotangulia. Kwa kutumia dhana husika, jadili. Zingatia maelekezo yote.

Hapakuwa na mada iliyotangulia. Maelekezo nayo hatukuyaona. Tulikuwa watu kumi na wawili wenye shahada za huku na za ng'ambo, na tulianza kubishana kama watoto. Mmoja alisema tuandike chochote, mwingine akasema huu ni mtego wa kisaikolojia. Mwishowe nikatumwa nikaulize. Nilimkuta ukumbini amekaa kwenye kigoda na birika lake.

"Shikamoo mama. Tunaomba ufafanuzi kidogo."

"Marahaba. Andika swali lako kwenye karatasi. Nitalijibu kesho kutwa."

Nilidhani anatania. Alimimina chai, akatazama dirishani.

Aliporudi chumbani hakukusanya karatasi zetu. Aliuliza tu, "Mmejisikiaje?" Aliyejibu alikuwa Profesa wa sheria, mtu mzima kuliko sote, ambaye hakutaka mafunzo haya tangu mwanzo na alikuja kwa sababu aliagizwa kwa barua.

"Mama, nimejisikia mjinga," alisema. "Na mara ya mwisho kujisikia hivi nilikuwa darasa la tatu."

"Nakushukuru kwa kusema kweli, Profesa. Sasa jueni kwamba maneno hayo sikuyatunga mimi. Nimeyanakili kutoka kwenye maelezo ya kozi ambayo mmoja wenu ameyaleta yawekwe kwenye mtandao mwezi ujao."

Hakusema ya nani. Yalikuwa yangu. Nilitazama sakafu hadi mapumziko.

Watu walimtarajia mtaalamu wa mitambo, naye hakuwa hivyo kabisa. Alichapa kwa vidole viwili, akitafuta kila herufi kana kwamba jana usiku kuna mtu alizihamisha. Kila alichoandika alikianza kwa penseli, na penseli yenyewe aliichomeka kwenye nywele, nyingine akaisahau humohumo, kiasi kwamba jioni moja alishuka ngazi akiwa nazo tatu. Ngazi hizo alizipanda kila siku kwa sababu lifti hakuiamini. Dinesh, Mhindi mwenye kafe ya intaneti jengo la jirani, alimchokoza siku moja: "Mama, barua yako unairusha angani mpaka Kigoma unaamini itafika. Lifti ya ghorofa tatu huiamini?"

"Barua ikipotea naandika nyingine," alimjibu. "Mimi nikipotea humo?"

Alihimiza uvumilivu na mwenyewe hakuweza kusimama kwenye foleni. Alitukataza maandishi marefu, lakini akianza kusimulia habari, chai ilipoa, mkutano ulisubiri, na mwenye haraka alijiondokea. Ujumbe wowote kwa mwanafunzi ulitakiwa uanze kwa salamu, na alikuwa akiurudisha kama hauna. Ila akiongea kwenye simu alikata bila kuaga, akimaliza tu la kwake.

Kabla ya kuja kwetu alifanya kazi ya elimu kwa njia ya posta. Miaka mingi alikaa kwenye chumba kimoja akisahihisha masomo ya watu waliojiandikisha kutoka kila pembe ya nchi: makarani, askari, mama wa nyumbani, mafundi cherehani. Bahasha zilikuja, akasoma, akaandika maoni kwa penseli, akarudisha. Alikuwa na sanduku la mbao lenye barua alizozihifadhi, na kwetu ndilo lililokuwa kitabu cha kiada. Ukimwuliza jambo lolote la kufundisha mtandaoni alifungua sanduku, akatoa barua, akasema, "Huyu aliniambia."

Aliyempenda zaidi alikuwa karani wa stesheni moja ndogo ya reli, kule ambako treni ilisimama mara mbili kwa wiki. Karani huyo alifanya masomo ya kidato cha nne nyuma ya fomu za mizigo, kwa kuwa karatasi nyingine hakuwa nayo. Mkufunzi alimsahihishia kwa miaka minne bila kumwona uso. Alipofaulu, karani alipanda treni mpaka Dar kuja kumshukuru, na kuku wawili mkononi. Alifika ofisini akakuta kina mama sita mezani. Akaulizwa anamtafuta nani. Akasema jina halikumbuki vizuri kwa sababu lilikuwa halisomeki, ila anaujua mwandiko.

"Akaomba karatasi," Mkufunzi alitusimulia, "akampa kila mmoja aandike neno 'Vizuri'. Wenzangu wote waliandika, wanacheka. Mimi nilikuwa wa tano. Alipoitazama ile 'V' yangu tu, aliwaweka wale kuku chini akaanza kulia. Kuku wakatoroka. Tuliwakimbiza ofisi nzima, yule analia, sisi tunakimbiza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatutazama. "Nawaambia hivi mjue. Mtu asiyekuona anakujua kwa kile unachomwandikia. Hana kingine."

Profesa alikuwa mgumu kuliko sisi wote. Alifundisha sheria ya mikataba kwa daftari ambalo kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, na alifundisha vizuri sana, hilo hakuna aliyekataa. Watu wa kozi nyingine walikuja kusimama mlangoni kumsikiliza. Lakini alisema sheria haifundishiki kwa kuchapa chapa. Alipolazimishwa, alimpa katibu muhtasi daftari lote alipitishe kwenye mashine ya kunakili picha, kurasa zaidi ya mia, ziwekwe mtandaoni zilivyo, pamoja na picha yake kubwa akiwa amevaa joho.

"Kozi yangu iko tayari," alimwambia Mkufunzi. "Nadhani tumemalizana."

"Hongera, Profesa. Nisindikize hapo chini kidogo."

Nilikuwepo, kwa hiyo nikafuata. Alimpeleka kwenye kafe ya Dinesh, chumba chembamba chenye mashine nane, feni moja, na, juu ya kaunta, picha ya mungu wa Kihindu iliyovikwa shada la maua ya rangi ya chungwa. Mkufunzi alimwomba Dinesh nusu saa kwa mteja mmoja. Kisha akamgeukia Profesa.

"Wewe sasa si Profesa. Wewe ni polisi wa kituo kimoja kule Tunduru, umepewa ruhusa ya nusu saa na mkubwa wako. Fungua somo la kwanza la kozi yako, usome, ujibu swali moja."

Profesa alikaa. Alichapa neno la siri vibaya mara mbili. Mara ya tatu likakubali, na picha yake ikaanza kuteremka. Kwanza ilionekana kofia ya joho. Tukasubiri. Likaja paji la uso. Wateja wengine waliingia, wakasoma barua zao pepe, wakatoka. Nyusi zikaja. Feni ikazunguka. Dinesh, ambaye kazi yake ilikuwa kutangaza muda na hakumbagua mtu, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mzee, dakika kumi zimebaki."

"Bado sijafika puani," alisema Profesa.

Mtu wa mashine ya pembeni alijiziba mdomo. Nusu saa ilipoisha, kioo kilikuwa na uso wa Profesa mpaka masharubu, na hapakuwa na hata mstari mmoja wa sheria. Profesa aliinuka taratibu, akachukua kofia yake.

"Huyo polisi wa Tunduru," alimwuliza Mkufunzi mlangoni, "angerudi tena kesho?"

"Ungerudi?"

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alipanda ngazi na karatasi tatu zilizoandikwa kwa mkono, upande mmoja tu. Alikuwa amechukua somo lake la kwanza akaligeuza kisa: mwanamke wa Ilala amekodi cherehani kwa maneno matupu, mwenye nayo anakuja kuichukua. Mkataba upo au haupo? Nijibu kwa mistari mitano, nitakujibu kwa jina lako. Mkufunzi alisoma akiwa amesimama. Aliikata sentensi moja kwa penseli. Profesa, mtu ambaye hajakatwa sentensi tangu utawala wa kikoloni kwa maneno yake mwenyewe, alisogeza kiti akakaa karibu naye.

Ningependa kusema mimi nilikuwa mwepesi kuliko Profesa. Sikuwa.

Kozi yangu ilianza na wanafunzi thelathini na mmoja. Tuliambiwa wazi kwamba mwisho wa muhula Baraza la Chuo litakaa, na kama wanafunzi watakuwa wamekimbia, mpango mzima utafungwa, na sisi vijana tulioajiriwa kwa ajili yake hatutakuwa na kazi. Wiki ya kwanza waliniandikia karibu wote. Wiki ya tano walibaki tisa. Nilimwambia Mkufunzi wanafunzi wa mikoani ni wavivu.

Hakubisha. Alivuta kiti mbele ya kompyuta yangu. "Nisomee ulichowaandikia, na walichokuandikia. Kwa sauti."

Nikasoma. Nikasoma matangazo yangu, na nilivyosoma nilianza kusikia sauti ya mtu nisiyempenda. Tukafika kwenye ujumbe wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, anaitwa Zuhura, kutoka kijiji kimoja upande wa Nachingwea. Ulisema: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi mjini penye kompyuta nafika Jumamosi tu, napanda lori. Kazi inafungwa Ijumaa jioni na mimi nakuwa sijafika. Naomba ushauri wako."

"Na jibu lako?"

"Mama, ni fupi tu."

"Soma."

Nikasoma. "Tarehe zimo kwenye maelekezo. Soma."

Niliwahi kumwona akikasirika mara hiyo moja tu, na hakupandisha sauti. Alitoa penseli kichwani akaiweka mezani.

"Huyu mwanamke amepanda lori," alisema, "ili afike kusoma neno 'Soma'."

Nje muuza kanda alikuwa amebadilisha wimbo. Baadaye nilimwuliza nifanye nini, nikitegemea atanipa orodha.

"Usiniulize mimi. Waulize wao."

Jioni ile niliwaandikia wote thelathini na mmoja, mmoja mmoja, kwa jina, kwa salamu. Niliwaomba radhi. Niliwauliza wanafikaje kwenye kompyuta, siku gani, na wanakuwa na muda gani. Zuhura nilimwandikia mwisho kwa sababu barua yake ilikuwa ngumu kuliko zote, nikaifuta mara nne. Majibu yalichukua siku kumi kukamilika. Mmoja alikuwa nesi wa zamu. Mwingine alitumia kompyuta ya parokia padri akiwa amelala mchana. Wanne wa Songea walikuwa wakilipia mashine moja, mmoja anasoma, watatu wamesimama nyuma yake wananakili. Nilikuwa nimewafundisha wiki tano nikidhani kila mmoja amekaa mezani peke yake, taa inawaka, kama mimi.

Nikahamisha siku ya mwisho kuwa Jumatatu. Nikaondoa picha zote. Nikaandika kila somo liingie kwenye karatasi mbili, ili mtu alitoe kwenye printa akalisome nyumbani kwa siku zake. Nilimpelekea Mkufunzi nikiwa na furaha. Alisoma, akaniuliza aiskrimu ni ya nini.

"Ni mfano, mama. Bei ya aiskrimu ikipanda wakati wa joto."

"Zuhura anauza aiskrimu?"

"Mfano umo kwenye kitabu."

"Vaa viatu."

Tulitembea kwa miguu mpaka sokoni Kariakoo, yeye mbele, akipenya katikati ya mikokoteni bila kupunguza mwendo, mimi nikiomba radhi kwa watu aliowapita. Tuliteremka Shimoni, kule chini kunakouzwa kwa jumla, ambako hewa ni vitunguu na majani ya kabichi yaliyokanyagwa. Alimjua mama mmoja wa huko, mtu wa kwao kusini, anaitwa Mama Chausiku, amekaa juu ya tenga lililofunikwa gunia.

"Chausiku, mwalimu huyu anataka kujua kwa nini nyanya zimepanda."

Mama Chausiku alinitazama kuanzia viatu. "Anafundisha nini?"

"Uchumi," nilisema.

"Wapi?"

"Chuo kikuu."

Alicheka akashika ubavu, akamwita jirani yake aje anitazame naye. Kisha akanihurumia. "Sikiliza, baba. Mvua imekata barabara ya Iringa. Zilikuwa zinakuja gari kumi, leo zimekuja tatu, na wenye hoteli ni walewale, hawajapungua hata mmoja. Wanagombania. Mimi nafanyaje? Napandisha. Lakini sinunui nyingi, kwa sababu barabara ikifunguka hizo gari saba zitaingia zote asubuhi moja, na nyanya haingoji. Umeelewa au nirudie?"

"Nimeelewa."

"Na wale wanaokula nyanya wakishindwa wananunua nini?" aliuliza Mkufunzi.

"Ya kopo. Au wanakamulia ndimu."

Nilikuwa nikiandika haraka kwenye kiganja kwa sababu nilisahau daftari. Ilikuwa sura nzima ya tatu ya kitabu changu, na somo la bidhaa mbadala juu yake. Tulirudi na fungu la nyanya la zawadi. Njiani Mkufunzi alinunua mihogo ya kukaanga, akanipa nusu, akaanza kunisimulia kisa kirefu cha fundi cherehani wa Kilwa ambacho hakikuisha mpaka tumefika ghorofa ya tatu. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua ilikotoka. Nilikuwa nimefundisha mwaka mzima bila kuisikia.

Wanafunzi walirudi. Si wote, sitadanganya. Wawili sikuwapata tena, na mmoja alifariki, dada yake akaniandikia kutoka kwenye kafe ileile aliyokuwa akiitumia. Lakini ishirini na wanane walifanya mtihani. Zuhura aliandika insha kuhusu bei ya korosho kijijini kwake tangu soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kwa nini mkulima hufurahi msimu mmoja na kulia msimu wa pili, na niliisoma mara mbili kwa sababu nilikuwa najifunza.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha mbele. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara aliyeweka fedha zake chuoni, alisema wazi kwamba elimu ya namna hii ni elimu ya daraja la pili, ya watu waliokosa nafasi. Mkufunzi alikuwa ameandaa maelezo yake kwa penseli. Kabla hajainuka, aliinuka Profesa.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," alisema. "Darasani kwangu kuna watu wa mbele, hao nawajua. Kuna watu wa nyuma, hao sikuwahi kuwajua, na nilikuwa nawafelisha bila kuwajua. Muhula huu nilikuwa na wanafunzi ishirini na tano mtandaoni. Naweza kuwatajia mmoja mmoja, anafanya kazi gani na mkataba gani unamchanganya. Huko hakuna kiti cha nyuma."

Kisha akaanza kuwataja kweli. Alifika wa kumi na moja Mwenyekiti akamwomba apumzike. Mpango ulipita. Mkufunzi hakusema neno siku ile, na maelezo yake aliyakunja akayafungia mihogo.

Alikaa nasi miaka mitatu. Aliwafundisha wahadhiri wa fizikia, wa dini, wa uhasibu, na kila kundi jipya lilikuta khanga juu ya kompyuta na karatasi moja moja. Tuliokwishapita tulikuwa tunakuja kuchungulia mlangoni tuone nyuso zao. Mkataba wake ulipoisha aliondoka bila sherehe. Aliacha mezani pangu barua tano kutoka kwenye lile sanduku, bila maelezo, akaenda zake. Tukasikia yuko kwa mwanawe Ilala. Kisha hatukusikia.

Miaka ikapita. Kozi ya uchumi ikakua mpaka nikawa na wasaidizi wawili na wanafunzi wengi kuliko niliowahi kuwaota, lakini nilishikilia kuwajibu mwenyewe wote waliokuja na maswali. Muhula mmoja kulikuwa na mwanafunzi mmoja wa hapahapa Dar, jina la kike, ambaye aliuliza vizuri kupita kawaida. Aliandika mistari michache, salamu kwanza, kisha swali linaloingia palepale ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepita haraka. Mara mbili alinifanya niandike somo upya. Nilimpenda mwanafunzi huyo. Nilimfikiria kama dada wa miaka thelathini hivi, labda wa benki.

Mtihani wa mwisho wanafunzi wa Dar waliufanyia kwenye ukumbi mmoja wa kukodi Ilala. Nilifika asubuhi kuangalia mambo yanavyokwenda. Watu walikuwa wakiingia na vitambulisho vyao, msimamizi anawaonyesha viti. Na katikati yao, kitambulisho kimening'inia kifuani, mwili umepungua, mvi zimejaa, alikuwa Mkufunzi.

Nilidhani amekuja kutukagua. "Shikamoo mama. Umekuja na nani?"

"Marahaba. Nimekuja mwenyewe. Kiti changu kipi, mwalimu?"

Nilitazama kitambulisho. Lilikuwa jina lile. Miaka yote sikuwa nimelijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwita kwa jina.

"Ulikuwa ni wewe," nilisema.

"Nilikuwa mimi. Mwaka wa tatu sasa." Aliona ninavyomtazama. "Mimi sina shahada, baba. Nina cheti cha ualimu tu. Mlikuwa hamjui?"

Hatukujua. Maprofesa, madokta, watu wa vyuo vya ng'ambo, miaka mitatu tulikaa mbele yake na hakuna aliyefikiria kuuliza.

"Kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Ungenifundisha mimi. Mimi nilitaka kufundishwa kama wengine." Alirekebisha miwani. "Nimekuuliza mara nane. Mara saba umenijibu siku ileile au ya pili yake. Ya nane ulichelewa."

"Nilikuwa hospitali na malaria."

"Najua. Uliniandikia. Ukaomba radhi." Alinigusa mkono. "Unafundisha vizuri, mwalimu."

Msimamizi alikuwa anaita watu wakae. Nikamsindikiza hadi kiti chake, safu ya nne karibu na dirisha, kati ya kijana wa shati jeupe na mama mjamzito. Karatasi zikagawiwa. Ukumbi ukawa kimya, ikasikika mikono ikifunua kurasa.

Nilikuwa nimefika mlangoni nilipoona mkono wake umenyooshwa juu.

Nikarudi. Aliweka kidole kwenye swali la pili, akanong'ona, "Hapa mmeandika 'jedwali hapo juu'. Jedwali liko wapi?"

Nikageuza ukurasa. Nikageuza tena. Jedwali lilikuwa limeachwa kwenye uchapaji, na maswali yale nilikuwa nimeyasoma mwenyewe mara tatu. Nilikwenda ubaoni, nikaomba chaki, nikawaomba radhi wote kwa sauti, nikaanza kulichora kwa kumbukumbu, mstari baada ya mstari. Nilipogeuka kuona kama wa nyuma wanaliona, ukumbi mzima ulikuwa umeinamisha vichwa ukinakili, naye pamoja nao, akiandika taratibu kwa mwandiko wake usiosomeka.